Umeme wa mgongoni: betri, sola au jenereta kwa askari wa doria Nyanda za Juu Kusini

Mpwa wangu ni askari wa uhifadhi upande wa Usangu. Mwezi uliopita alinipigia simu akiwa Chimala, wanasubiri gari. "Shikamoo mjomba. Tumeambiwa tupendekeze vifaa vya umeme vya kubeba kwenye doria ndefu. Wenzangu wanataka jenereta ndogo, mimi nataka sola, kiongozi wetu anasema betri ya gari imetufaa miaka yote. Wewe fundi unasemaje?"

"Marahaba mjomba," nikamjibu. "Mnalala porini siku ngapi?"

Akanyamaza kidogo. "Inategemea."

Hapo ndipo kazi inapoanzia. Mtu akiniuliza anunue nini kabla hajaniambia analala nje siku ngapi, mahali gani, na mzigo anaubeba nani, jibu lolote nitakalompa ni la kubahatisha. Nikamwomba siku mbili nikae na kalamu. Nilichomwandikia nakiweka hapa kwa marefu, kwa kuwa swali hilohilo wanalo askari wa jeshi, vijana wa JKT, walinzi wa msitu wa Sao Hill na yeyote anayelala mahali ambapo nguzo ya umeme haijafika. Vifaa vya jeshi letu sivizungumzii. Nitakapohitaji mfano wa kijeshi nitachukua wa Marekani, kwa sababu wao mambo yao ya betri wameyaandika hadharani.

Nina sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Kabla sijafungua karakana yangu Mafinga nilikuwa mbeba redio wa kikosi cha doria kule juu Kitulo. Tulikuwa na redio ya masafa marefu na betri moja ya gari, tunaibeba kwa kupokezana ndani ya gunia lililoshonewa mikanda. Ilikuwa Julai. Asubuhi majani yote meupe, umande umeganda. Usiku wa tatu mwenzetu aliteleza kwenye mawe akavunjika mguu. Nikawasha redio, ikawaka. Nikasikia kituo kinaongea na watu wengine, sauti safi kabisa. Nikabonyeza kitufe niseme, redio ikazima. Nikaiwasha tena, nikabonyeza, ikazima tena. Tulimbeba mpaka Matamba, tukafika jua limeshapanda. Yuko hai, anatembea, lakini mguu ule haukurudi kuwa mguu wake wa zamani.

Kilichotokea nilikuja kukielewa baadaye. Redio inaposikiliza hula umeme kidogo sana. Inaposema hula mara kumi au zaidi. Betri iliyochoka, tena iliyopigwa na baridi, inaweza kuonyesha taa na kutoa sauti siku nzima, halafu siku ya shida ukiidai nguvu yake yote volti zinaporomoka na redio inajizima. Kwa hiyo katika ulinganisho huu sitauliza chombo kipi ni kikubwa. Nitauliza kipi kitakubali kusema usiku wa mwisho wa doria, na kitakuwa kimemchosha mbebaji kiasi gani kufika hapo.

Hesabu ya usiku mmoja

Namba zilizoandikwa kwenye vifaa zinachanganya watu. Pawabenki imeandikwa 20,000 mAh, betri ya gari imeandikwa 70 Ah, sola imeandikwa wati 60, na mtu anaona 20,000 ni kubwa kuliko 70. Zote zibadilishe ziwe kitu kimoja, wati-saa: volti mara ampea-saa. Pawabenki ile ndani ina seli za volti 3.7, na 20,000 mAh ni sawa na ampea-saa 20, basi 3.7 mara 20 ni wati-saa 74. Betri ya gari ni volti 12 mara 70, yaani wati-saa 840.

Sasa kikosi cha mpwa wangu: watu sita, usiku tano. Redio za mkononi tatu, kila moja inamaliza betri yake kwa siku, wati-saa 15 hivi, jumla 45. Tochi za kichwani sita, wati-saa 3 kila moja, ni 18. GPS inayotumia betri mbili ndogo, 5. Simu ya setilaiti ikiwashwa kwa ripoti za asubuhi na jioni, 4. Simu ya ramani na kamera ya ushahidi, 18. Jumla ni wati-saa 90 kwa siku. Siku ya kwanza vifaa vinatoka kambini vimejaa, kwa hiyo zinabaki siku nne: 360. Umeme unapotoka betri moja kwenda nyingine hupotea njiani, mimi hukadiria sehemu moja kati ya tano. Tunahitaji kubeba kama wati-saa 450.

Hiyo 450 ndiyo kipimo changu kwa yote yanayofuata. Kikosi chako kitakuwa na yake. Tafadhali ipige mwenyewe kwa vifaa vyako, usichukue ya kwangu.

Betri ya gari, na ndugu yake mpya

Betri ya risasi na asidi, ile tunayoiita N70, ina uzito wa kilo 17 au 18. Ukiitumia mpaka ikaisha kabisa mara chache, inakufa. Ili iishi, tumia nusu. Nusu ya 840 ni 420, kwa hiyo hata kipimo chetu haifikii, na tayari umembebesha mtu kilo 17. Baridi inapokaribia nyuzi sifuri inapunguza tena kama sehemu moja ya tano. Na ikiwa ni ya maji, ikilala ubavu gunia na mgongo vinaungua. Suruali yangu moja iliishia hivyo, na kovu ninalo pajani. Betri kavu haimwagiki, lakini uzito ni uleule.

Sifa zake sizifichi. Inapatikana Mwanjelwa, Njombe, Makambako, kila mahali. Haihitaji chaja ya kitaalamu. Ikifa unaiuza chakavu. Ndiyo maana kiongozi wa mpwa wangu anaipenda, na hajakosea kuipenda. Amekosea pa kuiweka tu, na hilo nitalirudia.

Ndugu yake mpya ni betri ya lithiamu ya aina ya chuma na fosfeti, ambayo lebo yake huandikwa LiFePO4. Kila seli ni volti 3.2, nne zikiunganishwa mfululizo zinatoa 12.8, kwa hiyo inakaa mahali pa betri ya volti 12 bila kubadilisha redio. Pakiti ya ampea-saa 20 ina wati-saa 256 na uzito wa kilo mbili na nusu hivi. Mbili ni 512, kilo tano. Unaweza kutumia karibu zote bila kuiua, na iliyotengenezwa vizuri hujazwa na kutumika zaidi ya mara 2,000. Kingine kinachonivutia kwa kazi ya askari ni kwamba haiwaki moto kirahisi ikigongwa au kutobolewa kama lithiamu ya simu.

Ina mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, usiijaze ikiwa ndani yake ni baridi chini ya nyuzi sifuri. Kuitumia inaruhusu, kuijaza hapana, kwa kuwa lithiamu inaganda ndani ya seli kama utando wa chuma na kuiharibu moja kwa moja. Kule Kitulo na Makete mwezi wa Juni na Julai hili si la kufikirika: asubuhi usikimbilie kuiunganisha na sola, iache kwanza iote jua au ilale nawe ndani ya blanketi. La pili, volti zake hazishuki polepole. Inakaa kwenye 13 na pointi kidogo tangu imejaa hadi karibu imeisha, halafu inaanguka ghafla. Mita ya volti ya kawaida itakudanganya. Nunua kile kimita kidogo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka, ukifunge kwenye pakiti.

Pawabenki na betri za akiba za redio

Pawabenki sita za 20,000 mAh za kweli zinatoa wati-saa 444, na zote pamoja hazifiki kilo tatu. Kwa uzito peke yake zimeshinda LiFePO4. Zinagawika pia: kila askari na yake, mmoja akianguka mtoni hamjapoteza umeme wote. Kwa simu, tochi na kamera sioni kinachozishinda.

Tatizo ni redio. Chaja nyingi za redio za mkononi zinataka volti 12, na pawabenki ya kawaida inatoa 5. Kuna nyaya za kupandisha volti, lakini kila unapopandisha unapoteza, na waya mwembamba ni kitu cha kwanza kukatika porini. Kwa doria fupi nashauri njia isiyo na ujanja wowote: beba betri za akiba za redio yenyewe. Redio tatu, usiku tatu, betri sita za akiba zilizojazwa kambini ni kama kilo moja tu. Hakuna chaja, hakuna waya, hakuna kinachopotea njiani. Unachomoa iliyokufa, unachomeka nzima, unasema.

Nitasimama kidogo kwenye udanganyifu, kwa sababu askari wetu wanaibiwa wazi. Kuna seli za mviringo zenye ukubwa wa 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu 65, zimeandikwa 9,900 mAh. Hakuna seli ya ukubwa huo yenye uwezo huo. Nzuri kabisa ya kampuni inayoaminika ni kama 3,500, na uzito wake ni gramu 45 hadi 50. Nimeshazipasua zile zenye namba kubwa karakanani: nyingine ndani kuna seli ndogo imezungushiwa unga ili ijaze ganda. Pawabenki vilevile. Ikiwa imeandikwa 50,000 mAh na uzito wake ni gramu 300, imeandikwa uongo, kwa kuwa lithiamu ya wati-saa 185 haiwezi kuwa nyepesi hivyo. Mizani ya duka la nyama inatosha kumfichua muuzaji. Kisha ukifika nyumbani ijaze, iunganishe na kimita cha USB na taa, uone inatoa kiasi gani hadi izime. Kifaa cha doria kisichopimwa hivyo kisitoke kambini.

Tena, pawabenki nyingi zina taa ndogo za bluu zinazowaka usiku. Zifunike kwa utepe mweusi. Mwanga ule unaonekana mbali kwenye uwanda kama wa Ihefu.

Sola, chini ya anga tatu

Watu husema sola kana kwamba jua ni moja nchi nzima. Huku kwetu kuna anga tatu, na kifaa kilekile kinabadilika tabia ukishuka barabara ya kona hamsini na saba kutoka Matamba kwenda Chimala.

Chukua paneli ya kukunja ya wati 60, kilo mbili na nusu hivi. Juu Kitulo, zaidi ya meta 2,600, wakati wa kiangazi jua ni kali na hewa ni baridi. Paneli hupenda baridi. Namba iliyoandikwa nyuma yake imepimwa seli zikiwa nyuzi 25, na kila nyuzi moja juu ya hapo inakula kama asilimia 0.4. Kwa hiyo Julai mchana, anga ikiwa wazi, utaiona inakaribia wati zake kuliko mahali pengine popote nilipofanya kazi.

Bondeni Usangu na Ruaha mwezi wa Oktoba jua ni jingi mno, lakini uso wa paneli unaweza kufika nyuzi 60 na zaidi. Umeshapoteza asilimia 15 kabla vumbi halijahesabiwa. Hata hivyo saa za jua ni nyingi, hivyo kwa siku nzima bado inalipa. Tahadhari ni kwa betri iliyo chini yake: usiiweke ubavuni mwa paneli juani, ifukie kivulini na uvute waya mrefu. Juu ya nyuzi 45 lithiamu isijazwe.

Anga ya tatu ni ya Rungwe. Kuanzia Novemba hadi Mei, kwenye miteremko ya Rungwe na msitu wa Livingstone, unaweza kukaa siku nne hujaona kivuli chako. Mawingu mazito yanaacha asilimia 10 hadi 25 tu ya uwezo wa paneli, na chini ya miti mikubwa hata hiyo huipati. Kutegemea sola huko ni kubeba kilo mbili na nusu za kitambaa.

Halafu kuna swali la kutembea. Kwenye tangazo paneli imefungwa juu ya begi na askari anatembea huku simu inajaa. Nimejaribu kwenye miombo. Tawi moja likitia kivuli seli chache, paneli nzima inashuka, kwa sababu seli zimeunganishwa mfululizo na umeme unapita kwa kipimo cha ile dhaifu. Tena mgongo wa mtu hauelekei jua, unaelekea alikotoka. Doria inayotembea hupata jua la maana saa moja au mbili za mapumziko ya mchana, wati-saa 40 hadi 70. Lindo la kukaa mahali pamoja, paneli ikitazama jua kwa saa nne au tano nzuri, linapata kama 175, karibu mara mbili ya mahitaji ya kikosi chetu kwa siku. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya kampuni yoyote na kampuni yoyote.

Na paneli inang'aa. Kwa askari wa uhifadhi anayevizia njia ya majangili, au askari wa jeshi aliyejificha, kioo kinachomulika mlimani ni sawa na kupiga filimbi. Zile za kitambaa zisizo na kioo mbele ni nafuu katika hilo, ingawa nazo zitandazwe mbali na mahali mnapolala.

Jenereta

Nalipitia haraka kwa sababu nina uhakika nalo. Kwa nguvu hakuna cha kulinganisha: lita moja ya petroli, hata ikipita kwenye injini ndogo inayopoteza sehemu kubwa kwa joto, inakupa zaidi ya mara mbili ya mahitaji yetu ya safari nzima. Lakini jenereta ndogo kabisa inayoaminika, kama Honda EU10i ya wati 900, ni kilo 13 kabla hujatia mafuta. Juu Kitulo hewa ni nyepesi na injini inapoteza takribani asilimia moja kwa kila meta 100, yaani robo ya nguvu imeondoka na mafuta yanaungua vibaya, plagi inajaa masizi. Inasikika usiku kutoka mbali. Inanuka. Na petroli ndani ya begi linalokaa karibu na chakula na risasi siikubali kwa mtu yeyote.

Mahali pake ni kambini au kwenye gari. Hapo ninaitetea kwa moyo wote.

Betri za kutupa

Wapo wanaozidharau. Mimi sizidharau. Mwaka 2003, Marekani ilipoingia Iraki, jeshi lenye kila kitu lilikaribia kuishiwa na betri moja: BA-5590, ya lithiamu isiyojazwa tena, kilo moja hivi, iliyokuwa ikiendesha redio za SINCGARS na vifaa vingine vingi. Walikuwa wanazitumia kwa kasi kuliko viwanda vilivyoweza kuzitengeneza. Baada ya hapo juhudi ya kuhamia zile za kujazwa, kama BB-2590 yenye umbo lilelile, iliongezeka sana. Hata leo hesabu zao za doria ya saa 72 huweka uzito wa betri za askari mmoja kati ya kilo 7 na 9. Askari anabeba umeme mzito kuliko bunduki yake.

Kwa nini basi walizipenda? Kwa sababu zinakaa ghalani miaka, zinavumilia baridi kali, hazihitaji chaja, na uwezo wake kwa uzito ni mkubwa. Tatu tu zingetosha kipimo chetu cha 450. Huku kwetu mfano wa karibu ni betri ndogo za AA za lithiamu, zile za volti 1.5. Ni ghali, na madukani mijini zinatafutwa kwa subira, lakini zinafanya kazi hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, ilhali alkalini ya kawaida ikikaribia sifuri hupoteza nusu ya uwezo wake. Kwa GPS na tochi za akiba za Kitulo, weka seti moja ya lithiamu kwenye mfuko uliofungwa, isiguswe mpaka siku ya shida.

Kutegemea alkalini kwa kila kitu hakufai. Ili ufikishe 450 utahitaji kama 180, zaidi ya kilo nne. Na zikiisha mnazipeleka wapi? Nimeshaziona zimetupwa kandokando ya vijito vinavyoshuka kwenda Usangu. Maji hayo yanaingia Ruaha Mkuu, yanakwenda Mtera, wanyama na watu wanayanywa njia nzima. Askari anayelinda bonde lile arudi na kila betri aliyotoka nayo, na kiongozi azihesabu kama anavyohesabu risasi.

Vingine ambavyo watu huniuliza

Sanduku la methanoli, yaani kifaa kinachogeuza methanoli, aina ya pombe isiyonyweka, kuwa umeme. Kampuni ya Kijerumani SFC ina kimoja kinachoitwa JENNY, wati 25, uzito chini ya kilo mbili, na lita moja ya methanoli inatoa takribani wati-saa 1,000. Kiko kimya. Kwa doria ya wiki mbili bila jua, kama huko Rungwe masika, kwa makaratasi kinashinda vyote. Lakini kinataka methanoli safi kutoka kwenye vyombo vyake maalumu, na mimi siwezi kumshauri mtu anunue kitu ambacho mafuta yake hayapo Mbeya wala Iringa.

Kuzungusha kwa mkono ni jambo la zamani. Katika vita ya pili ya dunia Wamarekani walikuwa na GN-45, askari mmoja anasokota, mwenzake anasema kwenye redio ya SCR-284. Vile vidogo vya kisasa vinatoa wati chache, na mkono unachoka kabla ya betri kujaa. Ila kwa dakika mbili za ujumbe wa dharura, naweka kimoja kwenye kila kikosi bila kusita. Laiti ningekuwa nacho usiku ule. Upo pia utafiti wa Kanada wa 2008 wa kifaa cha kufunga gotini, kinavuna wati 5 hivi kwa miguu yote miwili mtu akitembea, lakini kila mguu ulibeba kilo 1.6. Mpandishie mtu kilo tatu hizo mlima Rungwe uone atakavyokujibu.

Nilichomwandikia mpwa wangu

Usiku mmoja hadi mitatu, popote: betri za akiba za redio, pawabenki moja kwa kila watu wawili, basi. Msibebe kingine.

Usiku minne hadi mitano: pakiti mbili za LiFePO4 za ampea-saa 20, watu wawili tofauti, kila moja na fyuzi na kimita chake, na chaja ya redio ya volti 12 iliyofungwa kabisa kwenye pakiti ili isisahaulike. Kilo tano, dhidi ya 17 za betri ya kiongozi wake, na umeme unaobaki wa kutumika ni mwingi zaidi. Kama ni Kitulo wakati wa baridi, ongeza zile AA za lithiamu na mlale na pakiti ndani ya blanketi. Zaidi ya mitano, au lindo la kukaa, ongeza paneli ya wati 60, isipokuwa Rungwe wakati wa mvua; huko ongeza pakiti ya tatu na uache paneli nyumbani.

Kila jioni, kabla ya lindo la kwanza, mtu wa redio abonyeze kitufe na aseme. Asiridhike kusikia.

Alipokuja kwangu siku tatu baadaye hakuwa na ubishi kuhusu jenereta. Alichoogopa ni kwenda kumwambia kiongozi wake kwamba betri ya gari haifai. Nikamwambia asiseme hivyo, kwa sababu si kweli. Ile N70 ifungwe kituoni, paneli kubwa juu ya paa iijaze mchana, na kikosi kinapoingia usiku kimechoka, pakiti zao ziunganishwe nayo kupitia chaja ya lithiamu ya volti 12 kwenda 12, zijae kiasi hata kama jenereta imelala. Aliniomba nimchoree. Nilimchorea nyuma ya risiti ya nyaya, na nikampimia waya wenyewe: milimita nne za mraba, meta mbili, fyuzi ya ampea 20 karibu kabisa na ncha ya betri.